Sukari Iliyosingiziwa

Mapishi ya bia ya nyumbani yaliyoenea Uingereza na Marekani katika miaka ya 1970 yalikuwa mafupi mno. Yalitosha kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kopo, na huko ndiko wengi walikoyasoma kwa mara ya kwanza. Unafungua kopo la shira ya kimea, lenye uzito wa kilo 1.7 hivi, ambayo kiwandani ilikwishatiwa uchungu wa hopsi. Unaimimina kwenye ndoo ya plastiki pamoja na kilo moja ya sukari nyeupe, unatia maji ya moto na kukoroga hadi kila kitu kiyeyuke, kisha unaongeza maji baridi mpaka ndoo ifike lita 23. Juu yake unanyunyiza hamira ya unga iliyokuja katika kipakiti kidogo chini ya kifuniko cha kopo. Unafunika, unaweka mahali penye joto, unasubiri wiki moja, halafu unajaza chupa na kutia kijiko cha sukari katika kila moja ili bia ipate gesi. Kazi imekwisha. Bia iliyotoka humo inakumbukwa kwa mambo mawili: ilikuwa rahisi kuliko ya baa, na ilikuwa na ukali fulani wa tufaha bichi ambao haukufichika hata ikinywewa baridi.

Baadaye wapishi wa nyumbani walipoanza kutafuta chanzo cha ukali ule, mshtakiwa alipatikana upesi. Ilikuwa ni sukari. Vitabu vya miaka ya 1980 vilifundisha kwamba anayetaka bia ya heshima aiache sukari dukani na anunue kimea zaidi, na vitabu vilivyofuata vikarudia somo hilo hadi likawa jambo lisilohitaji ushahidi. Mpaka leo mtu akitaka kuyadharau mapishi ya kopo, kilo ile moja ya sukari ndiyo anayoitaja kwanza. Mimi nadai kwamba sukari ilisingiziwa. Haikuwa safi kabisa, na nitasema ilikosea wapi, lakini mzigo mkubwa wa lawama ulikuwa wa mambo matatu ambayo mapishi yale hayakuyagusa: umri wa shira, hali ya hamira, na joto la ndoo. Mapishi yaliorodhesha vitu vya kununua yakanyamaza kuhusu vitu vya kutunza, na mabadiliko makubwa yaliyotokea tangu wakati huo yametokea upande huo wa kimya.

Kwanza tuulize kwa nini mapishi yalikuwa na sura ile. Nchini Marekani, marufuku ya pombe ilianza mwaka 1920 na kudumu hadi 1933. Katika miaka hiyo shira ya kimea iliuzwa waziwazi madukani kwa maelezo kwamba ni ya kuoka mikate, hata ile iliyotiwa hopsi, ingawa sijui mwokaji gani angetaka mkate mchungu. Kila mtu alijua inakwenda wapi. Mpishi wa wakati ule hakuwa na haja ya bia nzuri. Alihitaji kilevi cha haraka kutokana na bidhaa ambazo haziwezi kumpeleka mahakamani, na sukari ya dukani ilikuwa njia nafuu ya kuongeza nguvu. Marufuku ilipoondolewa, kutengeneza divai nyumbani kulihalalishwa lakini bia ikaachwa nje ya sheria. Ilibidi kusubiri hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyomruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 378 hivi, kwa matumizi ya nyumbani bila kodi. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi mwezi Februari 1979. Uingereza ilikuwa na njia yake: mwaka 1880 Waziri Mkuu Gladstone aliihamisha kodi kutoka kwenye kimea kwenda kwenye bia yenyewe, na mpishi wa nyumbani akatakiwa awe na leseni. Leseni hiyo iliondolewa na waziri wa fedha Reginald Maudling katika bajeti ya mwaka 1963. Kwa hiyo watu wa miaka ya 1970 walirithi mapishi ya watu waliojificha, au ya watu walioacha kupika kwa vizazi viwili au vitatu.

Ukweli huo wa kukatika kwa mnyororo wa ujuzi una uzito kuliko unavyoonekana, na msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuelewa upesi kuliko Mwingereza. Mama anayepika mbege Kilimanjaro huanza na ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe. Anayepika busaa magharibi mwa Kenya huanza na unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Katika desturi hizo hamira haikuhitaji kutoka dukani. Ilikuwamo kwenye kimea, kwenye chombo ambacho hakikusuguliwa hadi kung'aa, na kwenye machicha ya pombe iliyotangulia. Haikuandikwa popote, lakini ilitunzwa, kwa sababu binti alijifunza kwa mama yake chungu kipi hakiguswi na pombe ikiiva inanukaje. Ulaya nako kulikuwa hivyohivyo: mke wa mkulima alichukua povu la pombe ya juzi, au alituma mtu kwa mtengenezaji bia wa jirani, na povu lile lilikuwa limejaa hamira iliyo hai na yenye njaa. Sheria na viwanda vilipoukata mnyororo huo, karatasi ya kopo ilibaki na majina ya vitu bila mikono iliyojua kuvitunza. Hamira, kiumbe hai pekee katika orodha nzima, ikageuzwa kuwa unga mkavu wa kipakiti uliokuja kama nyongeza ya bure.

Tukichungulie kipakiti hicho kwa karibu. Mara nyingi kilikuwa na gramu 5 tu, ilhali leo pakiti inayouzwa kwa ujazo huohuo wa bia ina gramu 11 au zaidi. Hakikuwa na tarehe ambayo mnunuzi angeweza kuitegemea, na kilikaa juu ya kopo kwenye rafu ya duka, kiangazi na kipupwe, huku chembe zake zikifa taratibu. Chache zilizobaki zilitupwa ndani ya lita 23 za maji matamu na kuambiwa zifanye kazi ya jeshi. Hamira inapoila sukari haiigeuzi kuwa kilevi kwa hatua moja. Kabla ya hatua ya mwisho hutengeneza kitu kiitwacho asetaldehaidi, na harufu ya kitu hicho ndiyo ile ya tufaha bichi. Hamira yenye afya, ikipewa muda, huimaliza karibu yote kwa kuigeuza kuwa kilevi. Hamira dhaifu huchoka njiani, na mpishi anayejaza chupa baada ya wiki moja kwa sababu karatasi imesema hivyo huiacha nyuma ndooni, hivyo kazi iliyobaki haina wa kuimalizia. Ukali ambao watu waliuita ladha ya sukari ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi iliyoachwa nusu.

Joto nalo lilikuwa na mchango wake. Karatasi ilisema mahali penye joto, na Mwingereza wa miaka ile alijua pa kuiweka ndoo: ndani ya kabati la kukaushia nguo, kando ya tangi la maji ya moto. Ushauri huo ulikuwa na mantiki, kwa maana hamira haba na dhaifu haiamki upesi kwenye baridi. Lakini kuchachuka kwenyewe huzalisha joto, na bia iliyo katikati ya ndoo hupanda nyuzi kadhaa juu ya hewa iliyoizunguka. Chumba kikiwa na nyuzi 24, bia inaweza kukaribia 30, na katika joto hilo hamira nyingi za bia hutoa vileo vizito vinavyochoma koo, pamoja na harufu za matunda zisizotakiwa. Hapo ongeza shira iliyozeeka. Shira ya kimea ni maji ya kimea yaliyokaushwa hadi kubaki na maji kama sehemu moja ya tano, na ikikaa kwenye joto la kawaida huendelea kubadilika ndani ya kopo: hugeuka nyeusi, hupoteza harufu ya nafaka, na kuacha ladha ya wino na sukari iliyoungua. Ladha hiyo ilionjwa katika bia nyingi za makopo, na yenyewe pia ikaandikwa kwenye deni la sukari.

Ushahidi unaoitetea sukari unatoka mahali pasipotiliwa shaka. Watawa wa Westmalle nchini Ubelgiji hutengeneza bia yao ya Tripel, yenye kilevi cha asilimia 9.5, kwa kimea na sukari. Bia za aina hiyo kwa jumla huweza kupata takriban sehemu moja ya tano ya utamu wake kutoka kwenye sukari, na ni sukari ileile ya kiazisukari tunayoijua, hata ikiuzwa katika sura ya mawe ya fuwele na kwa jina la kupendeza. Hakuna anayeinywa Tripel akalalamika kwamba ina ladha ya tufaha bichi. Anachokisifia mnywaji ni ukavu wake, kwamba ina nguvu bila kuwa nzito mdomoni, na ukavu huo umeletwa na sukari. Waingereza nao waliruhusiwa kisheria kutumia sukari katika bia tangu mwaka 1847, na viwanda vyao vimetengeneza bia nzuri kwa sukari tangu karne hiyo. Zipo hata dalili kwamba walioilaumu sukari hawakuwa wameielewa. Mapishi mengine ya nyumbani yaliagiza ichemshwe kwanza na asidi ya ndimu ili ivunjike kuwa glukosi na fruktosi, eti hamira isihangaike nayo. Hamira ina kimeng'enya chake cha kuivunja sukari hiyo, na huifanya kazi hiyo bila shida yoyote. Jiko lilikuwa linatibu ugonjwa ambao haukuwepo, huku mgonjwa akiwa kabatini anaungua.

Atakayepinga atasema: sehemu moja ya tano si sawa na kopo moja kwa kilo moja. Anasema kweli, na hesabu inamuunga mkono. Katika mapishi yale, asilimia 40 na zaidi ya utamu wote ulioingia ndooni ulitoka kwenye sukari. Tena kwa kuwa sukari huchachuka yote wakati sehemu ya shira hubaki, karibu nusu ya kilevi chote kilikuwa mtoto wa sukari. Kiasi hicho kina athari mbili. Ya kwanza ni wembamba: bia inakosa mwili, povu linakufa haraka, na uchungu unabaki peke yake bila kitu cha kuuzunguka. Ya pili ni kubwa zaidi. Kimea huilisha hamira nitrojeni na madini ambayo sukari nyeupe haina hata chembe, kwa hiyo sukari ikizidi, chakula cha kujenga mwili wa hamira kinapungua wakati kazi yake inaongezeka. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini tazama limetufikisha wapi: sukari inadhuru kwa kuipa njaa hamira, na hamira iliyoingia ikiwa nyingi na imeshiba huivumilia njaa hiyo vizuri kuliko ile ya gramu 5 iliyokaa rafuni miezi kadhaa. Sukari ilikuwa mtihani mgumu. Mtahiniwa aliingizwa humo akiwa mgonjwa, na mtihani ndio ulioshtakiwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu linategemea uzoefu. Walioacha sukari na kuweka kimea kitupu waliona bia yao ikitengemaa mara moja. Je, ndimi zao zilidanganya? La, hazikudanganya. Ila hawakubadilisha kitu kimoja. Mtu aliyeacha sukari mwaka 1985 aliongeza shira, na kwa kuongeza shira aliongeza chakula cha hamira. Kwa kawaida alikuwa mtu aliyekwisha kununua kitabu, huenda kile cha Charlie Papazian kilichotoka mwaka 1984, na aliyekuwa akinunua kwenye duka la wapishi wa bia, si kwenye rafu ya duka la dawa. Duka la namna hiyo liliuza shira upesi, kwa hiyo shira yake ilikuwa mpya. Waliomfuata walipata zaidi: mwaka 1986 kampuni ya Wyeast ya Oregon ilianza kuuza hamira ya majimaji kwa wapishi wa nyumbani, na mwaka 1995 ikafuata White Labs ya San Diego. Huenda ushindani huo uliwalazimu hata watengenezaji wa hamira kavu kusafisha bidhaa zao na kuzitia tarehe. Mambo manne au matano yalitengenezwa katika kipindi kimoja, na sifa yote likapewa lile lililoonekana kwa macho. Kuondoa sukari ni kitendo cha kukumbukwa, kwa maana unaiacha dukani na pesa inabaki mfukoni. Shira kuwa mpya kwa miezi sita ni jambo ambalo hata mnunuzi mwenyewe hakulijua.

Lipo pingamizi la tatu, la watu wasiopenda mabishano: bia ile ilikuwa mbaya, tumeiacha, ya nini kufukua kaburi? Jibu langu ni kwamba sababu isiyo sahihi ina gharama. Kizazi kizima cha wapishi kiliaminishwa kwamba ubora unanunuliwa kwa kuongeza vitu, kimea zaidi, hopsi zaidi, sufuria kubwa zaidi, na wengi wakatumia fedha nyingi kwenye vyombo huku ndoo ikiendelea kuchachuka palepale penye joto. Aliyechukua ndoo ileile akaiweka kwenye beseni la maji baridi sakafuni alipata faida kubwa kuliko aliyenunua sufuria ya chuma cha pua, na kwa gharama ya maji tu. Isitoshe, chuki dhidi ya sukari iliwafanya wengi watengeneze bia nzito zenye utamu wa kukinaisha, kwa kuogopa kitu ambacho Wabelgiji wanakitumia kila siku kuileta bia kwenye ukavu wake.

Sisemi kwamba mapishi ya kopo yakipikwa leo kwa shira mpya, pakiti nzima ya hamira hai na joto la nyuzi 18 yatatoa bia ya kushangaza. Yatatoa bia nyepesi, kavu, safi, yenye uchungu wa kiasi na harufu ndogo. Mnywaji aliyezoea hopsi za Kimarekani ataiona imepoa. Hopsi ya Cascade, yenye harufu ya balungi, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972, na ilipotumiwa na viwanda vidogo vya California kama Sierra Nevada, kilichoanza mwaka 1980, ilibadilisha kabisa matarajio ya watu kuhusu bia. Lakini hapa tunapaswa kutenganisha ladha na kasoro. Bia isiyo na harufu ya balungi haina kosa. Ni ya mtindo mwingine tu. Bia yenye asetaldehaidi ina kosa kwa mtindo wowote. Tukiyachanganya hayo mawili, tunayahukumu mapishi ya zamani kwa kukosa kitu ambacho hayakuahidi, na tunasahau kuyahukumu kwa kile yalichoshindwa kukilinda.

Kinachosikitisha ni kwamba elimu iliyohitajika haikuwa ngeni. Louis Pasteur alichapisha utafiti wake kuhusu bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kuikuza hamira safi kutokana na chembe moja. Viwanda vilijua tangu hapo kwamba bia ni kazi ya hamira na kwamba kazi ya mtu ni kuitunza. Karibu miaka mia moja baadaye, mpishi wa nyumbani alikuwa bado anapewa kipakiti kisicho na tarehe na maneno mawili, "penye joto." Elimu ilikuwepo, njia ya kuifikia jikoni ndiyo ilikosekana, kwa sababu sheria zilikuwa zimeifanya kazi hiyo kuwa ya siri au ya kusahaulika. Kwa hiyo tofauti kubwa iliyoletwa na mwaka 1963 huko Uingereza na 1979 huko Marekani haikuwa ruhusa ya kupika, maana watu walikuwa wakipika hata bila ruhusa. Ilikuwa ruhusa ya kuulizana hadharani, kuuza hamira nzuri bila kujificha, na kuandika vitabu vinavyosahihishana.

Anayetaka kuyarekebisha mapishi yale hana haja ya kufuta mstari wa sukari. Aipunguze hadi nusu kilo akipenda bia yenye mwili, au aiache kilo nzima akipenda ukavu. Kisha aongeze mistari mitatu ambayo haikuwahi kuwapo: soma tarehe ya shira kabla ya kulipa, tia hamira ya kutosha ujazo wako na usiihamishe bia kabla haijamaliza kazi, pima joto la bia yenyewe, usipime la chumba. Akifanya hivyo na ukali wa tufaha bichi ukarudi, basi nitakuwa nimeshindwa katika hoja hii, na sukari irudishwe kizimbani. Mpaka hapo, mwenye kesi ya kujibu ni yule aliyeandika mahali penye joto na asiseme nyuzi ngapi.